Anashuka

Tulikuwa wanne na baiskeli tatu na nusu.
Nyangeta na ile yake nyembamba kama panzi.
Nkwabi na Foniksi ya kubebea mikate,
kreti ingali nyuma, harufu ya skonzi haijatoka.
Mimi na nusu yangu ya kuazima,
isiyo na kengele wala sababu ya kuitwa baiskeli.
Na Bujiku.

Bujiku na gia ishirini na moja,
zawadi ya shemeji wa Nyakato,
kofia ngumu, glavu zisizo na vidole,
na kaptura ya bluu yenye sponji matakoni
iliyomtembeza kama bata mwenye yai njiani.
"Mlima haupandwi kwa miguu," alituambia,
"mlima unapandwa kwa gia."

Mlima ukasikia.
Milima ya Mwanza ni mawe matupu,
neno likianguka halina pa kuzama.

Nyuma ya Bwiru njia ilisimama wima.
Nyangeta akapotea juu, tukabaki na maganda ya karanga zake.
Nkwabi akasukuma Foniksi kama anayempeleka ng'ombe mnadani.
Bujiku akabadili gia, kra, akabadili, kra kra,
akazimaliza zote,
akashuka, akashika kiuno,
akasema anaangalia ziwa.
Ziwa lilikuwepo, sikatai.
Akaliangalia mara sita.

Kileleni tukala mihogo ya kukaanga, chumvi na pilipili,
mabati ya Kirumba yakimetameta chini yetu,
naye Bujiku, nguvu zikimrudia pamoja na maneno,
akafunga mkanda wa kofia:
"Sasa nifuateni, mjifunze kushuka."

Huko chini, juu ya jiwe bapa,
kwaya moja ilikuwa inarekodi video.
Vitenge vya njano, viatu vyeupe,
mpiga picha kapiga goti, jicho kwenye kamera,
nao wamefika penye kiitikio:
*Anashuka, anashuka,
nani atakayemzuia?*

Hakuna aliyemzuia.

Alipita katikati ya sauti ya kwanza na sauti ya pili,
miguu kaitanua kama mbawa,
vidole vimebana breki mpaka vimepauka,
breki hazina habari naye,
akitoa noti moja, ndefu, nyembamba, ya juu,
ambayo mwalimu wa kwaya tangu Pasaka
alikuwa akiwasihi akina mama waifikie.
Mwalimu hakugeuka. Alifumba macho, akatikisa kichwa: ndiyo, hiyo!

Kisha dagaa.
Bi Ng'washi alikuwa amewaanika tangu alfajiri,
wavu mzima, jua zuri, hakuna wingu.
Bujiku aliingia mtu, akatoka samaki,
fedha tupu toka kofia hadi soksi,
mmoja ananing'inia sikioni kama hereni.
Bi Ng'washi hakupiga kelele. Alimzunguka mara moja, polepole,
kama anayepima gunia kwa macho.
"Ndoo tatu," akasema.
"Na hiyo kaptura yenye godoro ibaki rehani."

Tukarudi mjini, Bujiku kajifunga kanga ya kuazimwa,
kongoti watano wakitusindikiza kwa mguu
kama wazee wa kanisa waliovaa makoti.

Video ilitoka Desemba. Hawakumkata.
Dakika ya tatu, kitu cha bluu kinapita.
Waumini wa mbali husema ni malaika.
Sisi tunaomjua, tunaomba irudishwe nyuma.

Mpaka leo Bujiku anakilaani kiwanda.
Shemeji alikwenda dukani, wakakunjana mashati.
Nami nimenyamaza miaka tisa, ila mihogo ya kukaanga
kila nikiila inanikaba, basi acha niseme.

Usiku ule wa kuamkia safari
niliikuta baiskeli barazani kwao, mnyororo unalia.
Nikataka kumfanyia wema rafiki yangu.
Mafuta ya mashine sina; jikoni kwa mama yake
kulikuwa na chupa ya alizeti.
Nikapaka mnyororo. Nikapaka spoki.
Yakabaki kidogo.
Nikaona vile vipande viwili vya mpira vinavyobana rimu,
vimekauka, maskini, vimepasuka kama visigino.

Nikavihurumia.