Saruji Haingoji

Niliitwa kupiga lipu, si kufundisha.
Mita kumi na mbili za ukuta, shule ya msingi, Igogo,
pale njia inapojikunja kulikwepa jiwe
lililoishinda baruti mara mbili.
Nusu ya malipo mkononi, nusu ukuta ukikauka.

Mwalimu Nyanjige akasema: watoto watapachika vigae.
Vigae gani? Nikacheka.
Wakaja na ndoo.
Sahani za harusi zilizokwisha kuachana,
kikombe cha babu yake Bwire, mkono hakina,
vizibo vya soda, kioo cha pikipiki,
chupa ya kijani iliyosuguliwa na ziwa
mpaka ikasahau ulevi,
na kipande cha choo. Ndiyo, cha choo.
Cheupe kuliko vyote, wakakigombania.

Nikawaambia: sikilizeni. Saruji haingoji.
Ikishaguswa na maji inahesabu dakika zake,
haimjui mdogo, haimjui mgonjwa.
Tunaanza saa nne, nikishafika kutoka Mabatini.

Saa nne jua limeshaliruka jiwe,
limekaa ukutani kama mdai.
Limi akasimama mbali, upenuni mwa jiko,
kofia pana, shati la kaka yake lenye mikono mirefu,
macho yakikimbia mwanga.
Jina lake kwa Kisukuma ni jua lenyewe.
Alizaliwa likichomoza, wakampa;
tangu hapo hawapatani.

Nikasema: huyu atuchambulie vizibo, huko huko kivulini.
Nikajiona nimetenda wema.

Hakuna aliyenijibu.
Waliziweka ndoo chini, thelathini na mmoja,
wakaenda kukaa upenuni, wamebanana.
Saruji yangu ikafia kwenye karai,
mfuko mzima,
kama uji uliopikiwa wageni wasiokuja.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu
ukungu bado umelilalia ziwa,
nikawakuta getini, miguu imelowa umande.
Limi mbele. Mama yake amemshika kifundo cha mkono
namna ile ambayo mtu wa huku
haulizi sababu yake.
Akamwachia.
Kidole kimoja. Kingine. Kingine.

Tukamjenga sangara, mkubwa kama mtumbwi.
Jicho ni kisosi. Tumbo, mnalijua limetoka wapi.
Limi akataka jua liwemo.
Akaliweka chini kabisa, usawa wa goti,
halizidi kizibo.
"Hapo ndipo linapotakiwa kukaa," akasema,
akafuta mikono kwenye shati la kaka yake.

Siku ya nne nikajua nimemaliza.
Ndipo Masalu, ambaye surua ilimchukua macho,
akapitisha kiganja toka mkiani hadi kichwani.
"Fundi, samaki wako anauma."
Damu kidogo, kidole gumba.
Nikamwambia asiguse, basi.
"Nyie mtautazama wiki moja, mtauzoea," akasema.
"Mimi ndiye nitakayeusoma."

Nikakosa la kujibu. Nikachukua patasi.
Tukabandua kila kipande chenye ncha,
tukakisugua kwenye lile jiwe, krr, krr, siku tatu,
wanaokwenda sokoni wakisimama kutushangaa.
Jiwe lililoishinda baruti
likatufanyia kazi ya tupa.

Nusu ya pili ya malipo bado naidai.
Kila Ijumaa napanda kule kuulizia,
kila Ijumaa naambiwa mhasibu yuko Nyamagana.
Basi nakaa upenuni, nangoja.
Kengele inalia, wanatoka kwa vumbi na kelele,
na Masalu, nyuma yao, bila haraka,
anaupata ukuta kwa vidole.
Mkia. Mapezi. Anainama,
analigusa jua la Limi, anahakikisha lipo.
Anainuka hadi tumboni, kwenye kile cheupe,
anasimama,
anacheka peke yake.

Mimi sikumwambia kile ni kipande cha nini.