Nani Anasema?

Insha yangu ya kwanza ilianza na "Tangu enzi na enzi,"
kana kwamba nilikuwepo.
Aya ya pili niliiokota mtandaoni, nikaibandika
ikiwa bado na samawati yake na mwandiko wa ugenini,
kiraka cha hariri kwenye ovaroli.
Bi Pelletier hakunikaripia. Pembeni aliandika maneno mawili:
Nani anasema?

Jumatatu usiku, chumba 214, Thunder Bay.
Theluji inakung'utwa viatuni mlangoni.
Mimi nimetoka karakana ya matairi, kucha zina weusi
usiosikia sabuni, na kibodi za chuo ni nyeupe.
Wiki ya tatu alitufundisha kutafuta:
lifunge jina ndani ya alama za nukuu,
litoe neno linalokupoteza,
chezea herufi, maana makarani walikuwa na haraka
na majina yetu ya Kifini yalikuwa marefu.

Basi nikamtafuta babu.
Kwetu kila mtu anajua: Urho Kettunen alifukiwa na ngano
ndani ya ghala la bandarini, Machi, mwaka hamsini na saba,
na jeneza lake lilibebwa jepesi.
Nilitaka tarehe tu. Tanbihi moja,
nipate alama zangu nikalale.

Kettunen: hakuna.
Ketunen: mwanamke, zawadi ya pili, kufuma zulia.
Kettonen: ng'ombe aliyepotea.
Ketonen, U.:
daftari la mishahara, limepigwa picha likiwa limepinda,
kidole gumba cha mpiga picha kimeingia pembeni,
na pale, kwa wino, sahihi ya mtu
aliyepokea dola arobaini na moja
siku kumi na moja baada ya kuzikwa.

Nilikaa.
Kishale kikapepesa, kikapepesa.
Hakina haraka kile, hakina ukoo.

Zamani, yaani Septemba,
ningelijaza pengo lile kabla chai haijapoa:
alikimbia deni, alikimbia mke, alidandia treni ya magharibi.
Sentensi tatu tamu, uongo uliovaa nahau.
Sasa niliandika nikafuta, nikaandika.
Huenda ni mtu mwingine. Kweli, huenda.
Huenda karani alikosea tarehe. Hilo nalo.
Huenda kuna aliyechukua fedha kwa jina lake,
na hapo nikauona uso wa bibi, mikono ikatoka kibodini yenyewe.

Rasimu ya nne ilipungua badala ya kurefuka.
Ya sita ilikuwa na neno ambalo shuleni sikuwahi kulithubutu:
Sijui.
Si lile la kupandisha mabega.
Hili lilikuwa na tanbihi tisa chini yake,
limetulia juu yake kama daraja juu ya nguzo,
na Bi Pelletier, pembeni, safari hii
aliweka alama ya vema, ndogo, imelala upande.

Jumapili nikaenda kwa Mummu, kompyuta mapajani.
Nikamsomea kwa Kiingereza, nikitafsiri pale aliponikazia macho.
Alimimina kahawa. Akabana kipande cha sukari kati ya meno,
akainywa kupitia humo, kama afanyavyo akipima jambo.
Daftari la mishahara sikulitaja; aya ile niliiruka,
na nadhani alisikia nilivyoruka.
Akaniuliza, macho yako nje kwenye koleo la theluji:
"Jina lake, ulilitafuta kwa herufi zipi?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.
Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika tarehe, saa,
jina lake kamili kama yeye mwenyewe anavyoliandika,
nukta mbili.
Halafu nikainua vidole.

"Mummu, niandike?"

"Kunywa kwanza," alisema. "Inapoa."