Mji Mkongwe ni Mdogo Wake

Bibi yangu Apolonia huanzia langoni, pale Barbakani,
si kwa kuipenda ngome; hapo pana benchi.
Anakaa, anafunga upya kamba ya kiatu cha kushoto,
cha kulia hakina ukaidi.
"Haya," asema, "twende tukamwone mdogo wangu."
Mdogo wake ni mji.

Mtembeza watalii kainua mwavuli wa manjano:
"Hapa tulipo, mabibi na mabwana, karne ya kumi na tatu..."
na simu zinapaa kama shingo za bata bukini.
Bibi anajipenyeza nyuma yao, mkoba kifuani,
anasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
kisha ananinong'oneza kwa sauti ya kiziwi,
yaani uwanja mzima unasikia:
"Nimewazidi hawa wote miaka kumi na mitano,"
huku akizinyooshea nyumba fimbo, moja moja,
ile ya kijani, ile ya haradali, ile yenye simba mlangoni,
kama shangazi ahesabuye watoto aliowaogesha.

Aliuona uwanja huu ukiwa kifusi.
Moto hausimulii. Nikimuuliza moto, hukohoa.
Husimulia matofali:
yalivyokuja kwa treni toka miji mingine iliyobomoka,
miji ambayo majina yake yalikuwa yamebadilishwa juzi tu,
wakayapokea kwa msururu, mkono kwa mkono,
wasichana wa shule na wajane na mpiga fidla mmoja,
vumbi jekundu likiwaingia hadi kwenye mkate.
"Tofali halina kwao," aliwaambia msimamizi, Bwana Wnuk,
"lina uzito tu. Shika vizuri."

Na juu jukwaani, wachoraji wakichungulia picha za kale
kujua dirisha lilikaa wapi.
Asema Bibi, mchoraji wa zamani alikosea dirisha moja,
nao wakalijenga kosa lake, kwa matofali halali.
"Lipi?" nauliza kila mwaka.
"Likijulikana litazibwa."

Tunashuka Ngazi za Mawe, yeye kwa ubavu, kama kaa.
Chini, Wisła una rangi ya chai iliyosahauliwa.
Anatafuta ukuta. Kwenye ukuta, tofali.
Pembeni mwa tofali, chokaa iliyokuwa mbichi siku moja ya Machi
alipoibonyeza kidole gumba, Bwana Wnuk akiwa amegeuka.
"Hapa," asema, akivua glavu.
Mwaka jana *hapa* ilikuwa mtaa wa Piwna.
Mwaka juzi, nyuma ya kanisa, karibu na kengele iliyopasuka.
Nami, ambaye kazini hulipwa kwa kusahihisha hesabu za watu,
nasema, "Ndiyo, Bibi. Nakiona."

Kidole hakiingii.
Labda mfupa umevimba, labda ni tundu la msumari.
Anakigeuza, anajaribu upande, anakitazama kidole
kana kwamba ndicho kilichodanganya.
Binamu yangu Seweryn angesema jambo la hekima hapa.
Mimi nilisema, "Mvua inakuja."

Tukanunua maandazi yenye jamu ya waridi, mawili,
kwa yule dada mwenye kibanda chini ya saa,
akala lake wima, ameegemea ukuta uleule,
sukari ya unga imemjaa kidevuni na kwenye lile koti la msiba
avaalo siku zote kwa kuwa lina mifuko.
Alipotaka kuondoka, ili asiyumbe,
akashika tofali.

Likabaki dole moja jeupe, mistari yote ipo.
Sikumwambia.
Tone la kwanza lilianguka kando yake, la pili kando zaidi;
Bibi alikuwa ameshafika ngazini, ananiita jina la babu yangu,
anauliza kama nimehifadhi risiti.