Bustani ya Mabua

Desemba imeingia Zarasai bila hodi:
ziwa limeganda, na pochi yangu nayo.
Dukani mipira ya kioo inametameta kwenye rafu,
sita kwa bei ya kuni za wiki nzima.
Liepa akaitazama, kisha akanitazama mimi,
akasema, "Mama, nyumbani tuna uzi."
Ana miaka saba tu.
Sikujua nicheke, au niiname nifunge kiatu
ambacho wala hakikuwa kimefunguka.

Nikaenda kwa Bronius, jirani mwenye zizi,
kuomba mabua ya shayiri.
"Ya ng'ombe au ya watu?"
"Ya dari," nikamjibu, akaelewa.
Akanichagulia yaliyonyooka, moja moja,
kama mtu anayehesabu noti asizotaka kuachana nazo,
na malipo akakataa,
isipokuwa mtungi mmoja wa matango ya siki.

Usiku tukayaloweka kwenye beseni la kufulia.
Bua kavu hukatika kama ahadi,
bua lililolowa hukubali mkono:
hayo ni maneno ya mama mkwe wangu, Apolonija,
aliyenisahihisha miaka kumi na moja
hata jinsi ya kushika sindano,
na sasa, Mungu anisamehe,
naishika alivyotaka.

Uzi mwekundu tuliutoa kwenye sweta la Vaidotas,
lile lililotoboka viwiko.
Tukaanza na mkono wa kushoto,
naye amekaa kando anautazama ukipungua,
ametulia kama kondoo anayenyolewa.

Ugnius, mwenye miaka kumi na mitatu na kiburi cha umri huo,
alisema hii ni kazi ya wasichana.
Kisha akaiona hesabu iliyojificha humo:
mabua kumi na mawili, uzi mmoja,
pembe sita, nyuso nane,
na katikati hewa tupu iliyopata nyumba.
Akaninyang'anya mkasi.
Hakulala hadi saa saba.

Siku tatu tulikula mayai, asubuhi na jioni,
ili tupate ndege.
Ganda likatobolewa, likapulizwa, likawa tumbo;
mabawa tukayakunja kwa bili ya umeme
(iliyolipwa; deni nisingethubutu kulining'iniza juu ya chakula).
Mmoja hana mkia. Liepa anasema huyo ni mzee.

Tukaitundika bustani juu ya meza,
nayo ikaanza kuzunguka,
polepole, bila kuguswa na mtu.
Apolonija alikuwa akisema ikizunguka hivyo
kuna aliyeingia bila kuhitaji mlango.
Siku nzima nikajikuta nikinyoosha kitambaa cha meza,
nikificha sufuria chafu.

Lakini mume wangu ni mtu wa vitendo.
Mkesha wa sikukuu akaja na pamba na gundi,
akaziba ufa wa dirisha la kaskazini,
ufa tunaousema tangu vuli na hatuna fedha za kioo kipya.
Nyumba ikapata joto.
Bustani ikasimama.

Tukakaa. Nyasi kavu chini ya kitambaa,
vyakula kumi na viwili, ukihesabu chumvi,
na sahani moja tupu upande wake, karibu na jiko.
Tukamegeana mkate mwembamba wa kanisani.
Hakuna aliyesema neno juu ya dari,
ila macho yetu yote yalikuwa huko,
kwa ndege asiye na mkia
aliyegeukia ukuta kama aliyenuniwa.

Ndipo Liepa akashuka kitini na uma wake mkononi,
akaenda dirishani,
akachokonoa pamba.
Kidogo tu. Kipande cha kidole gumba.

Baridi ikaingia, nyembamba kama uzi.
Bua la kwanza likatikisika, kisha la pili,
kisha bustani nzima ikakumbuka njia yake.

Vaidotas alitazama juu kwa muda mrefu.
Akainuka, nikadhani anakwenda kuuziba tena.
Akachukua koti msumarini,
akalivaa juu ya sweta la mkono mmoja,
akarudi kukaa.
"Nipitishieni samaki," akasema.