Nyuma ya Kioo

Tokeni zimekwisha saa nne na robo usiku
nikiwa katikati ya sheria ya Gausi,
mita ya mlangoni ikalia kama kifaranga
hadi Mwana Sharifu akagonga ukuta: "Kizime kidudu hicho!"
Nikamwandikia Famau: shilingi mia, tafadhali.
Akanirudishia tarakimu ishirini na maneno mawili: "Soma basi."
Tarakimu ishirini nilizishika kwa kuziona mara moja,
nikazibonyeza gizani bila kukosea.
Milinganyo minne, miaka mitatu,
bado inanipiga chenga.

Chumba hiki ni cha zidaka.
Zamani zilikaliwa na sahani za kigeni,
sasa kila kidaka kina daftari lake:
juu kushoto, chaji tuli; chini yake, vihami;
kinachofuata, mikondo na sumaku;
kile chenye ufa ni cha mionzi ya antena, sijakigusa.
Katikati, kioo cha nyanya,
chumvi imekila pembeni.

Swali la saba, karatasi ya mwaka juzi:
*Chaji imewekwa umbali d kutoka bamba pana la shaba
lililounganishwa na ardhi. Tafuta nguvu inayoivuta.*

Juu ya bamba chaji zimetapakaa, hazina idadi,
kila moja imejisogeza kidogo kumpisha mgeni.
Ukitaka kuzijumlisha moja moja utakesha.
Basi kuna hila. Liondoe bamba.
Weka nyuma yake, umbali uleule, chaji ya pili,
sawa kwa ukubwa, kinyume kwa alama.
Haipo. Haikuwahi kuwepo.
Ila ukiifanya kana kwamba ipo,
hesabu yote ya upande huu inanyooka.

Hila hii alinifundisha Bahero,
kwenye daka la nyumba yao, Mkomani,
akichora kwa chaki juu ya baraza la mawe.
"Ukisimama mbele ya kioo, yule wa ndani ni nani?"
"Ni mimi."
"Uongo. Yule anaandika kwa mkono wa kushoto."
Nikacheka hadi mamake akatuletea mahamri
ili tunyamaze.

Bahero alinishinda kila kitu isipokuwa mwandiko.
Mwaka wa pili karo ikakwama,
mjomba akamtafutia kazi ya viyoyozi, Doha.
Ghorofa ya thelathini, bisibisi mfukoni,
anaunganisha nyaya ambazo mkondo wake
angeukokotoa kwa kichwa tu.
Hunipigia Ijumaa. Huuliza: "Mmefika wapi?"
Mmefika. Si tumefika.

Saa saba. Feni inazunguka juu yangu.
Koili yake Famau aliisuka upya dukani kwake Langoni,
mizunguko mia mbili na arubaini,
akiihesabu kwa midomo kama uradi.
Nilimuuliza: unajua kwa nini inazunguka?
Akasema: "Isipozunguka ndipo huuliza."

Mwisho wa suluhisho wanadai uthibitisho wa upekee:
ukipata jibu linalotii masharti yote ya mpakani,
basi ndilo, hakuna jingine popote.
Naandika hivyo. Naweka nukta.
Naitazama nukta.
Maana mimi jibu la pili naliona waziwazi:
tuko wawili, Jumapili tunavuka kwenda Mokowe,
tunagombania kikokotoo kimoja.
Sharti moja tu la mpakani lilibadilika:
shilingi elfu thelathini na nne.

"Hulali?" Mwana Sharifu tena. "Mato yatakuuma."

Chaji mara chaji, gawanya
kwa kumi na sita, pai, epsiloni, d mara d.
Nimesahau alama ya kutoa, mara ya pili usiku huu.
Naisikia sauti yake: "Umeacha alama moja,
umepoteza alama mbili."
Naiongeza. Kalamu iko kulia;
kiooni iko kushoto, nayo inaandika.

Nazima taa, tokeni zisiishe tena.
Kile kidaka chenye ufa, kesho, inshallah,
baada ya alfajiri.