Kitufe cha Ghairi

Kazi yangu ni maneno mafupi.
Yale ya juu ya kitufe, yale yanayojitokeza
mtandao ukikatika, yale mtu asiyoyasoma
mpaka siku yanapomuumiza.
Nayaandika ghorofani, Langoni, mbele ya ukuta wa jirani,
na mkubwa wangu, ambaye hajawahi kufika Lamu,
hunikumbusha: punguza, kitufe hakina nafasi.

Mwezi wa tatu nilipunguza.
Niliandika: Ghairi miadi?
Chini yake vitufe viwili:
Ndiyo. Ghairi.
Nikalipwa.

Bi Somoe Bunu, mpishi wa mikate ya mofa,
alikuwa na nafasi kwa daktari wa macho
anayekuja mara moja kila miezi miwili.
Kidole chake kilikuwa na unga, kikagusa pasipotakiwa,
swali likamtokea.
Akalisoma taratibu, herufi kwa herufi.
"Ndiyo, miadi ninayo," akaijibu simu kwa sauti,
akabonyeza Ndiyo.

Jumanne alifika hospitali, jina halimo.
Akajaribu tena palepale mlangoni, simu ikamwambia
(na hilo pia ni langu):
Ombi batili. Hitilafu 403.

Alikuja kwangu bila ugomvi, akaninyooshea simu.
"Mwanangu, swala hubatilika. Udhu hubatilika.
Ombi langu mimi limebatilika kwa lipi?
Na hawa mia nne na watatu
ni waliokosea kabla yangu?"

Nilimpa kiti. Jibu sikuwa nalo.

Mtu akibisha hodi na mwenyewe hayupo,
hata mtoto wa miaka minne hujibu kutoka ndani:
"Hayupo, kenda Matondoni, rudi baada ya laasiri."
Hasemi: Hodi batili.
Na hayo hakufundishwa chuoni,
wala hakuna aliyemwambia apunguze.

Usiku ule nilifuta.
Nikaandika: Jumanne saa tatu asubuhi, daktari wa macho.
Kitufe kimoja: Nitakuja.
Cha pili: Sitakuja.
Na pale palipokuwa na mia nne na tatu:
Jina lako limetoka kwenye orodha.
Piga namba hii, tutakuandika tena.
Hujakosea kitu.

Mkubwa alijibu: ndefu.
Nikamjibu: panua kitufe.

Asubuhi nikampelekea Bi Somoe.
Alikuwa akibandua mkate tanurini. Akapangusa mkono,
akaishika simu mbali, urefu wote wa mkono wake,
akaisogeza karibu, akairudisha mbali.
"Nisomee."
Nikamsomea. Akatikisa kichwa, ameridhika.
"Hapo umesema kama mtu.
Ila haya mato yangu hayaoni maneno, yanaona sisimizi.
Sasa mwenye mato mabovu na asiye na wa kumsomea
atajuaje kwamba umesema vizuri?"

Nimeomba herufi ziongezwe ukubwa.
Wiki ya pili leo. Ombi langu, inasema simu,
linashughulikiwa.