Mistari ya Kisu

Dympna, umelikuta wapi?
Chini ya droo ya vijiko, unasema, limelazwa bapa:
boksi la aiskrimu, la kadibodi,
uwaridi wake umefifia, nta imepasuka kwenye mikunjo.

Hatukuwa na friji pale Youghal.
Baada ya misa Fintan alitumwa kwa Bi Coakley,
akarudi mbio na tofali ndani ya gazeti,
baridi ikimng'ata kwapa,
habari za mnada wa ng'ombe
zimejichapa kinyumenyume ubavuni mwa boksi.

Baba hakulifungua, alilichana.
Kiwanda kilikuwa kimechora pembeni:
kata hapa, kata hapa, vipande sita.
Kiwanda hakikutujua. Tulikuwa vinywa vinane.
Akachovya kisu katika maji ya moto,
akafumba jicho moja kama seremala,
na sisi tukakodoa yetu yote
asije mtu akapunjwa hata unywele.

Mama, kila Jumapili, jino lilimuuma.
Yeye boksi lilimtosha;
alilikunjua, akalipitishia kidole
akidhani tumeinamia sahani.

Siku hizi nanunua kopo la plastiki, la mviringo.
Mfuniko unabana vizuri, sina la kulaumu,
ila duara halina pa kuanzia kisu.
Nala humo humo, kwa kijiko, nimesimama.

Ngoja. Umesema kuna alama za penseli
juu ya mistari ya kiwanda?
Mwandiko wa mama?
Zinatoa vipande vingapi, Dympna?
Hesabu tena.

Saba.